Wadhah, Majeruhi Mwenye Mguu Mzima

Wadhah alikuwa beki wa kulia wa timu moja ya mpira ya Nizwa, Omani, mpole nyumbani, mkali uwanjani. Mamake, Bi Radhia, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akimtazama kwenye televisheni na kumpigia kelele kwa Kiswahili mpaka majirani wanacheka.

Mwaka 2004, katika mechi na timu ya Sur, Wadhah aliteguka kifundo cha mguu. Daktari akampa mapumziko ya wiki mbili, na zilipokwisha akawa anakimbia kama kawaida. Lakini aliporudi mazoezini hakupewa jezi. Akamfuata Yaqoub, meneja wa timu.

"Wewe tumekusajili majeruhi wa msimu mzima," Yaqoub akamwambia, macho kwenye simu yake.

"Majeruhi gani, na mimi nimepona?"

"Sikiliza, ndugu yangu. Ligi imetuwekea kikomo cha mishahara, nasi tumeshakifikia. Mtu akiwa majeruhi wa msimu, mshahara wake hauhesabiwi humo. Sasa tumepata nafasi ya kumleta mshambuliaji kutoka nje. Mshahara wako utaupata vile vile. Kaa nyumbani, ule, ulale. Wataka nini tena?"

"Nataka kucheza!"

"Mpaka msimu uishe huruhusiwi. Khalas."

Wadhah alifika nyumbani na hasira zake. Hata shikamoo aliitoa kwa meno.

"Wamekuzika na roho unayo," alisema Bi Radhia alipohadithiwa. "Na weye umenyamaza?"

Alinyamaza, kwa kuwaonea haya wenzake. Kila mechi alikaa jukwaani na kanzu yake, akimwona huyo mshambuliaji mgeni akikosa mabao ya wazi, naye akitafuna midomo.

Ikafika mechi kubwa na timu ya Ibra. Maen, kijana aliyechukua nafasi ya Wadhah, akaumia kweli, na beki mwingine wa kulia hawakuwa naye. Ibra wakapita upande ule ule, wakafunga, wakafunga tena. Mashabiki wakamgeukia Yaqoub: "Wadhah yuko wapi?"

Yaqoub akainua mikono. "Muulizeni mwenyewe! Amegoma. Hataki kuichezea timu."

Maneno yale yakapanda jukwaani safu kwa safu. Mzee mmoja akamtazama Wadhah, akatema chini. "Aibu yako!"

Hapo hasira yote iliyolala kifuani ikaamka. Wadhah akavua makubadhi, akakunja kanzu, akaruka ukuta, akakimbia pembeni mwa uwanja kutoka goli hadi goli, mbio za mtu asiye na jeraha lolote. Askari walimdaka mbele ya jukwaa kuu, na hapo akapiga ukelele:

"Mguu mzima huu! Huyu Yaqoub kaniita majeruhi apate nafasi ya mshahara wa mgeni! Leo ananiita mgomaji! Wallahi, muongo!"

Uwanja ukalipuka kwa mazomeo, na safari hii aliyezomewa alikuwa Yaqoub.

Ligi ilimfungia Wadhah kwa kuingia uwanjani. Yaqoub hakufanywa kitu, maana hapakuwa na kanuni aliyovunja: mchezaji aliyeumia kweli aliruhusiwa kusajiliwa hivyo, hata akipona mapema. Jambo hilo ndilo lililomuuma Wadhah kuliko adhabu yenyewe. Alivunja mkataba, na msimu uliofuata akachezea Ibra.

Siku moja walikutana sokoni Nizwa. Yaqoub akatoa salamu, akanyoosha mkono. Wadhah akaijibu salamu, kwa kuwa ni faradhi. Mkono hakuugusa.