Usiseme Hongera Mpaka Karatasi Irudi

Siku yangu ya kwanza kwenye dawati la leseni za ndoa nilikemewa kwa sababu ya kusema hongera. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika mahakama ya kaunti, upande wa Maryland. Nilikuwa nimetoka kulea wazee wa watu kule Lanham, mgongo umechoka, nikaona kazi ya kukaa kitini ni neema ya Mungu. Wachumba wawili walikuja, nikawachapia leseni yao, na kwa kuwa nilizaliwa Tabora nikafunzwa adabu, nikawaambia hongera sana.

Mkuu wa Dawati alikuwa mama wa Kimarekani, mpole wa uso, mkali wa ulimi. Alingoja mlango ufungwe.

“Umewapongeza kwa lipi?”

“Wameoana, mama.”

“Hawajaoana. Wamepewa ruhusa ya kuoana. Hapa hatumpi mtu hongera mpaka karatasi irudi.”

Nilimwona ana roho mbaya. Nilikuja kumwelewa baadaye, na afadhali nisingemwelewa.

Nyinyi vijana mnaobonyeza simu na kila kitu kikajibu, ngoja niwaeleze kazi ilivyokuwa. Leseni si cheti. Mmoja wa wachumba huja dirishani na kitambulisho, akainua mkono wa kulia, akaapa kwamba hana mke au mume mwingine, na kwamba wao wawili si ndugu wa damu. Hapo kwenye undugu ndipo Waafrika wenzangu waliponichekesha. Mkongo mmoja alifikiri weee, kisha akanijibu, “Madame, kwetu bantu bote ni ba frère na ba soeur. Lakini uyu hapana. Uyu njo bibi yangu.” Yaani kwao watu wote ni kaka na dada, ila huyu ndiye mke. Nikamwandikia.

Baada ya kiapo lazima zipite siku mbili ndipo harusi ifungwe. Na leseni hiyo ni ya kaunti iliyoitoa, basi. Ukivuka mpaka wa kaunti, hata kama ni ng'ambo ya barabara, unabaki na karatasi ya kufungia maandazi. Virginia wana mambo yao, jijini DC wana yao, na sisi tulikuwa na yetu. Nililisema hilo kila siku, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kila siku watu waliitikia kwa kichwa huku wakitazamana. Aliyependa hasikii habari za mipaka.

Harusi ikishafungwa, aliyeifungisha, awe mchungaji, shehe au padri, huandika tarehe na mahali, hutia saini, kisha yeye mwenyewe huirudisha nakala yetu mahakamani ndani ya siku tano. Nakala nyingine ndiyo ya maharusi. Yetu ikirudi tunaiandikisha, na kuanzia hapo tunaweza kutoa cheti chenye muhuri wakati wowote mtu akihitaji. Isiporudi, vitabu vyetu vinaonyesha leseni iliyotolewa, na mbele yake hakuna kitu.

Miaka kadhaa baadaye nikahamishiwa Chumba cha Kumbukumbu. Mkuu wa Kumbukumbu alikuwa mzee aliyewahi kuwa askari, anayepiga pasi mpaka tai. “Humu ndani,” aliniambia, “hatujali nani alikula keki. Kilichoandikwa kipo, kisichoandikwa hakipo.” Kazi yangu ikawa kutafuta: kwanza kwenye fahirisi, yaani orodha ya majina, halafu kwenye kompyuta, au kwenye filamu za picha za vitabu vya zamani, zinazoumiza macho. Watu wetu walinitoa jasho. Nchi hii haina daftari moja la ndoa. Lazima ujue kaunti. Ukimuuliza mtu alifungia ndoa wapi, anakwambia “DC”, kumbe alifungia Landover. Majina nayo: leo Mkenya anaanza na la ukoo, kesho anaanza na la ubatizo, na karani aliyempokea ameandika lile alilolisikia mwisho. Lakini nilipenda kazi ile. Mtu akija uso umemkunjamana, nikimpata kitabuni, uso unakunjuka. Sijui kazi nyingine inayolipa hivyo.

Sasa nifike kwa Kerubo, maana tangu mwanzo ninamzunguka.

Kerubo alikuwa binti wa Kikenya, mlezi wa wagonjwa, anaishi Lanham na mumewe na watoto wawili. Mume alifanya kazi ghalani Landover. Asubuhi moja alianguka akiwa kazini, na hakuamka tena. Siku chache baadaye Kerubo akaja dirishani kwangu amevaa sare ya kazi, kwa sababu hakujua avae nini.

“Auntie, naomba certificate ya harusi yetu. Watu wa funeral home wanasema lazima ikuwe na seal.”

Nikatafuta. Leseni ilikuwepo, imetoka kwetu miaka minne nyuma. Mbele yake patupu.

“Mwanangu, karatasi haikurudi.”

“Haiwezi. Hiyo certificate iko kwa nyumba. Iko kwa wall, sitting room. Si uangalie tena?”

“Nenda ukailete.”

Akaileta na fremu yake, imefungwa kwenye kanga. Nikageuza, nikatoa misumari midogo ya nyuma, na pale chini ya kioo nikakuta nakala zote mbili, ya kwao mbele na ya kwetu nyuma, zimesainiwa vizuri kabisa. Nikajua mara moja kilichotokea, maana nimekaa kwenye harusi nyingi za kwetu. Mchungaji anamaliza, anainua cheti juu mkutano wote ukione, vigelegele vinapigwa, kisha anamkabidhi bibi harusi mkononi. Kule nyumbani ndivyo ifanywavyo, na aliyekabidhiwa hukitunza kama mboni ya jicho. Mchungaji yule naye alifanya alichokijua. Aliwapa zote, nao wakazitundika.

Moyo wangu ulifurahi, nakiri. Karatasi iliyochelewa hupokelewa. Nilimwambia Kerubo akae, nikaenda nayo kwa Mkuu wa Kumbukumbu karibu nikimbie. Akavaa miwani. Akasoma polepole, kidole kikitembea chini ya mistari, kikasimama.

“Hapa pameandikwa Germantown.”

Nikatazama. Kweli.

“Germantown si kaunti yetu,” akasema. “Leseni ni yetu, ndoa imefungwa kwa wengine. Siwezi kuiandikisha. Nao hawawezi, maana leseni si yao. Huyu aende kwa jaji.”

Niliporudi, Kerubo alinisoma usoni kabla sijafungua kinywa. Akanieleza. Walichukua leseni wakiwa na nia ya kufungia ndoa Lanham. Kisha kamati ya harusi ikaona ukumbi ni mdogo, shangazi mmoja akapata kanisa kubwa Germantown, na kamati ikahamisha sherehe. Walihamisha keki, wakahamisha viti, mapambo na wapishi. Leseni hakuna aliyeikumbuka.

“Auntie,” akasema kwa sauti ya chini, “si ufute tu hiyo Germantown? Uandike Lanham. Nani atajua?”

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia hapana, kwamba hilo ni kosa la jinai na lingemharibia yeye kuliko mimi. Ni kweli kabisa, na sijapata siku nyingine niliyouona ukweli hauna faida namna ile.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mume alikuwa raia, na kibali cha Kerubo cha kuishi hapa kilitegemea ndoa ile. Watu wa uhamiaji walikuwa wameshaomba cheti chenye muhuri, na kila mara Kerubo alijibu kwamba anacho nyumbani. Bila cheti, akitoka nchini harudi. Na bila cheti, kisheria hakuwa na kauli juu ya mwili. Shemeji yake alikuja kutoka Texas, akatia saini kama ndugu wa karibu. Si mtu mbaya. Alilia kuliko wote. Alisema tu kwamba mama yao anamngoja mwanawe, na kwao mtu hazikwi ugenini. Kerubo alitaka azikwe hapa, watoto wawe na mahali pa kupeleka maua. Hakuna aliyemuuliza.

Watu walikusanyika kama ilivyo desturi, kaburi likachimbwa Kisii, sanduku likasafirishwa. Kerubo aliishia uwanja wa ndege, mlangoni pa mizigo, ameshika watoto. Nilikuwepo. Sitaki kuyasimulia zaidi ya hapo.

Kwa jaji alikwenda. Jaji alitaka mchungaji aje aape mwenyewe kwamba aliwafungisha. Mchungaji alikuwa amesharudi kwao, namba ya simu haipatikani, kanisa limehama. Kesi ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka Kerubo akaacha kwenda. Karatasi zilibaki kwenye faili la mahakama. Fremu alirudi nayo.

Mimi nilistaafu muda mfupi baada ya hapo. Waliniaga kwa keki, na Mkuu wa Kumbukumbu akanikabidhi cheti cha utumishi ndani ya fremu, wote wakapiga makofi. Kiko kabatini, chini ya mashuka. Vijana wananiuliza kazi ile imenifunza nini, wakitaraji niwape hekima. Sina. Nimewaeleza maelfu ya watu habari ya kaunti na ya siku tano, na najua kwamba Jumamosi hii pia, mahali fulani kati ya Lanham na Germantown, mchungaji atainua karatasi juu na watu watapiga vigelegele. Nikiwepo nitakaa na mikono mapajani. Wanasema bibi huyu ana kijicho.

Mwezi wangu wa kwanza wa kustaafu, Kerubo aliniita kwake. DVD ya mazishi ilikuwa imefika mwishowe kutoka Kisii, na hakutaka kuitazama peke yake. Tulikaa kwenye sofa, watoto chini kwenye zulia. Ukutani msumari ulikuwa bado pale, bila fremu. Tukaona hema, kwaya, mama mzee ameshikiliwa na wanawake wawili. Kisha msemaji akashika kipaza sauti na kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alivyokwenda Amerika. Akamalizia, “Ameacha mama, ndugu watatu na watoto wawili.”

Mtoto mkubwa, yule msichana, akageuka.

“Mom, they forgot you.”

Kerubo hakulia. Alichukua rimoti.

“Hatujasikia vizuri,” akasema. “Ngoja nirudishe.”

Akarudisha. Mimi niliyelipwa miaka yote ile kutafuta majina ya watu niliinama mbele kabisa, nikategea sikio, na msemaji akasoma vilevile.