Rangi ya Kile Kimondo

Harufu ya majani ya nyanya hung'ang'ania vidoleni hata unawe kwa sabuni mara mbili. Juzi nilikuwa napunguza matawi ya miche niliyopanda kwenye ndoo, hapa kwangu Kihonda, nikanusa mkono, na papo hapo nikarudi kwenye njia ya kushuka mlimani, nina miaka kumi na minne.

Jumatatu iliyofuata nilitakiwa kuripoti shule ya bweni, na tuliambiwa wazi: asiye na godoro asije. Godoro langu lilikuwa bado nyanya. Zilijaa kapu kubwa, zimeiva kiasi cha kutongoja kesho, na Mama alikuwa amejitwika kapu hilo kabla hakujapambazuka ili tuwahi soko la mjini. Nilimfuata na fungu la mboga kichwani, na nyuma yangu alikuja mdogo wake, Mama Mdogo Felista, na kiroba cha kabichi. Mama Mdogo hakuwa mtu wa kunyamaza. Alianza kutusimulia harusi ya jirani tangu mlangoni, na tulikuwa bado hatujafika kwenye keki.

Ghafla njia nzima ikawa nyeupe. Niliinua uso, nikaona moto ukikata anga kutoka upande wa kilele, kijani mbele, mkia wa rangi ya chungwa, bila sauti yoyote. Mama Mdogo alipiga magoti akimwita Bikira Maria, na kabichi zake zikaporomokea bondeni moja baada ya nyingine. Mboga zangu nazo zilikuwa chini, sikumbuki kuziangusha.

Mama hakusimama.

“Dada, huoni?” Mama Mdogo alimwita.

“Naona njia,” Mama akajibu, akaendelea kushuka, shingo imenyooka.

Nilimkasirikia. Nilijiambia huyu ni mtu wa soko tu, hata mbingu ziungue. Mama Mdogo, kwa upande wake, alieneza kijijini kwamba dada yake hana hofu, na Mama hakukanusha. Godoro lilipatikana, la maua ya bluu, nikalilalia miaka minne. Bwenini nilisimulia kimondo mara nyingi, na Mama nilimweka mle kama kichekesho.

Siku hizi anakaa nami. Hiyo juzi alikuwa kwenye kigoda akinitazama nikikata matawi, akauliza kama mtu anayeulizia chumvi:

“Hivi, mwanangu, kile kimondo kilikuwa na rangi gani?”

Mkasi ulinisimama mkononi. Aliyejitwika kapu la nyanya hainui uso. Akiinua, zote zinakwenda. Nilibeba mizigo kichwani utoto wangu wote na nililijua hilo, ila sikuwahi kulifikiria kwa ajili yake. Yeye aliona mwanga ardhini na kivuli cha miguu yake, basi. Niliona aibu, nalisema wazi.

Nikavuta ndoo tupu nikaikalia karibu naye.

“Mbele kilikuwa kijani, Mama,” nikaanza.

Akainua uso, akafumba macho, akasikiliza.