Mumbere amepotea kwenye orodha

Jamani, leo nimefuta mtoto wa mtu.

Nilikuwa nimeingiza kwenye kompyuta kitabu cha ubatizo cha hapa Bwera, kile cha miaka ya sabini. Majina ni mengi, basi nikaandika programu ya kuyagawa mafungu manane yashughulikiwe yote kwa pamoja. Dakika moja, kwisha! Nilijisifu, siwadanganyi.

Kumbe mafungu mawili yaliandika kwenye nafasi moja, jina moja likafunika lingine. Kompaila, ile inayokagua programu kabla haijaanza kazi, haikuona kosa. Kwake yote ni maandishi, aina ni ileile.

Mchana akaja bibi mmoja kuulizia watoto wake. Nikamsomea: Baluku, Bwambale, Masereka...

Akanishika mkono.

"Mwana, Baluku anakuwa wa kwanza namna gani? Mumbere yangu iko wapi?"

Mumbere alikufa mdogo. Hana picha. Alibaki kwenye kile kitabu tu.

Nimemrudisha. Bibi amesema si kitu.

Ni kitu.

Kwetu Wakonzo mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Baluku. Nani hajui?

Haya, nisemeni. Mimi ninayeitwa Baluku nimesoma orodha isiyo na Mumbere, na sikushtuka.