Nilivyokata Karatoni ya Wote

Siku ile niliyokata karatoni ya Mama Zena ningali naikumbuka, Salima mujukuu wangu, na leo imenirudia kwa sababu yako.

Nilikuwa musichana, nashona kwa Mama Zena hapa Kasongo. Karatoni yake, ile karatasi ngumu ya kupimia na kukatia kanzu, ilikuwa moja, imetundikwa kwenye musumari. Kanzu zote zilitoka mule. Mutoto akiwa munene ao mwembamba, tuliandika tofauti yake kwenye kikaratasi chake. Karatoni yenyewe haikuguswa bila kumuuliza Mama.

Wiki ya Maulidi akaletwa mutoto mumoja mwembamba. Mimi, na kiburi cha mikono yangu, nikaona kikaratasi ni kupoteza wakati. Nikakata karatoni yenyewe kwenye kwapa, vidole viwili tu. Kisha wenzangu wakaichukua, wakaanza kukata vitambaa vya kanzu za watoto wa madrasa nzima. Niliwaona. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kushona kama sijui kitu.

Siku ya kujaribu, hakuna mutoto aliyeweza kuinua mikono. Kitambaa kimekwisha, na Maulidi ni kesho.

"Nani amegusa karatoni?"

"Ni mimi, Mama. Kidogo tu."

"Kidogo! Basi wavae hicho kidogo chako!" Halafu akashusha sauti, na hapo ndipo niliumia: "Ungesema asubui ile ulipoikata, tungeharibu kanzu moja."

Sasa wewe. Programu za simu unazotengeneza ninazisifu sokoni mupaka watu wananikimbia. Umenieleza kwamba ile ya duka la Lusangi na ile ya dispansere, nyumba ya matibabu ya Kabambare, zinatoka kwenye musingi mumoja. Jana mwenye duka ametaka kuhesabu kwa dazeni, nawe ukageuza musingi wenyewe, ukacheka: "Bibi, ni kitu kidogo." Kesho muganga wa Kabambare atafungua simu aangalie mutoto apewe komprime ngapi za dawa. Ngapi, Salima? Moja ao kumi na mbili?

Mupigie simu sasa hivi, hata chakula usiguse. Mwambie asitumie kwanza. Rudisha musingi vile ulikuwa. Tofauti ya duka ikae kwa duka. Siku musingi wenyewe utataka kugeuzwa, uliza wote wanaoutumia, kisha ujaribu kila programu, si ile iko mbele yako tu. Na ukikosa, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka.

Mungu akupe mikono myepesi na mudomo usioogopa. Asikuonyeshe hata siku moja mama wa mutu analia kwa kosa la mikono yako. Amina.