Neno la Herufi Tano kwenye Kompyuta ya Wifi

Tulikuwa wanne. Mimi mwenyewe, wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu, ambaye nakaa naye nyumba moja hapa Ng'ambo, Tabora, tangu sote wawili tulipofiwa na waume; mkwe wangu, yaani mke wa kitindamimba wangu; na shoga yetu wa Ipuli, ambaye si ndugu wa damu, ila ameshona nasi miaka mingi hata watu wakimtafuta kwake huelekezwa kwetu. Majina yao ninayo yote, na ya wazazi wao, na ya mtoto wa jirani aliyepita kuomba maji. Lakini wifi amenikataza nisiyaandike. Anasema bado anataka kwenda sokoni kwa amani.

Sisi tunashona kofia za vitobo, zile nyeupe za mkono. Kushona anashona yeyote mwenye subira. Kuchora anachora mmoja tu, naye ni wifi. Alifundishwa na baba yake, na baba yake alifundishwa na babu, ambaye alifika Tabora na misafara akitokea pwani, akatua mzigo, akaonja asali ya huku, basi, safari ikaishia hapo.

Michoro ya zamani ilikuwa kwenye makaratasi ndani ya sanduku la mbao. Mchwa wakala makaratasi na nusu ya sanduku. Ndipo mwanangu akanunua kompyuta kuukuu kwa Mhindi mmoja wa vitambaa mjini, nayo ilikuja na printa na programu ya kuchora miraba na vitobo. Kwa miezi kadhaa mkwe wangu alikuwa akitoka kazini, maana anachapa barua na kadi za harusi dukani kwa mtu, anakaa na wifi kabla ya magharibi. Wifi anataja, mkwe anabonyeza. Mchoro wa mbegu za tikiti ukaingia, wa njia ya reli ukaingia, wa macho ya kware ukaingia. Ukabaki mmoja tu, sega la nyuki, ambao ni mgumu kuliko yote na ulikuwa kichwani mwa wifi peke yake.

Na hapo macho yake yakaingia ukungu. Akapangiwa kupasuliwa hospitali ya Kitete, siku ya Alhamisi. Daktari alimpa matumaini, lakini wifi hapendi kuachia mambo matumaini. Alitaka sega limalizike kabla ya Alhamisi ile, na alitaka alichore yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Alisema mchoro wa kusimuliwa ni kama chai ya kusimuliwa.

Tatizo lilikuwa maneno. Yale ya juu ya programu, yanayoshuka ukiyabonyeza, yote yalikuwa ya Kizungu. Wifi hajui Kizungu, mimi nimeishia darasa la nne, na shoga yetu anajua salamu tu. Mkwe akasema inawezekana kuyabadilisha. Programu hii ni ya zamani, akasema, maneno yake yamo ndani ya faili lake, na mtu akilifungua tumboni anaweza kuyaandika upya.

Jumapili akalifungua. Mimi nilitazama. Ni vurugu la tarakimu na alama, kama mchele uliomwagwa mchangani, na katikati yake unaona neno limekaa zima. Mkwe akatueleza sharti: kila neno lina chumba chake. Neno la herufi nne linapokewa na la herufi nne. Likiwa fupi unajaza nafasi tupu. Likizidi, hapana.

Ilikuwa kama sherehe. Tulikunywa chai na kugawa majina. La kuhifadhi likawa Weka. La kurudi nyuma likawa Rudi. La kukuza picha likawa Kuza, na wifi akalipenda kuliko yote, kwa sababu ukilibonyeza tobo moja linakuwa kubwa kama sahani, hata yeye analiona. La kutoa kwenye karatasi, Chapa. Shoga akataka la kuzima liitwe Nenda Kwako. Tukamwambia anyamaze anywe chai.

Likabaki la kwanza kabisa, la pembeni juu, herufi nne. Mimi nikasema liitwe Kofia. Mkwe akasema taratibu, "Mama, halitoshi." Nikamwambia kazi yetu ni kofia, mlango wa kazi yetu utaitwaje kitu kingine? Akanitazama kidogo. Kisha akaandika Kofia, akahifadhi, na nakala akaitia kwenye flashi.

Programu haikufunguka tena. Kioo kilitoa kisanduku chenye maneno mekundu, tukikifunga kinarudi. Flashini nako nakala ilikuwa ileile yenye Kofia. Mhindi wa vitambaa aliulizwa kisahani cha awali cha programu, akasema alishakitupa zamani. Michoro ya wifi ilikuwemo ndani, salama, ila hakuna cha kuifungulia.

Jumatatu ikapita. Mkwe akija ananiamkia, shikamoo mama, marahaba, namuuliza vipi, anajibu ataangalia. Mimi nililaumu umeme. Nikalaumu vumbi. Nikamlaumu hata yule Mhindi, Mungu anisamehe. Wifi alikaa barazani akigusa kidole kwa kidole, anahesabu sega lake kichwani lisimtoke.

Jumanne asubuhi tulikuwa tunashona, yeye amekaa tu. Akaniita.

"Wifi, ukianza mstari wa kwanza na tobo moja la ziada, mzunguko unakutana?"

"Haukutani," nikamjibu. "Kila mstari unasukumwa, kofia nzima inakwenda upande."

"Basi umeshaijibu kompyuta. Macho yangu mabovu, masikio mazima. Mtoto alikwambia halitoshi."

Shoga akainamia sindano yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Na kweli, nikahesabu kwa vidole: Kofia ni herufi tano. Tobo moja la ziada, mlangoni kabisa, na vyote vilivyofuata vikasukumwa. Mkwe alijua hivyo tangu Jumapili. Lakini mke wa mtu atamwambiaje mama mkwe, mbele ya shangazi wa mumewe na mgeni, kwamba kosa ni lake? Wifi anaweza kuniambia. Wifi ameniambia mabaya kuliko hayo.

Saa kumi mkwe aliporudi alikuta nimempikia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, chakula anachokipenda na ambacho mimi huwa nasema kinachukua kuni nyingi. Akala kidogo akasubiri.

"Mwanangu, lile neno langu litoe," nikasema. "Uliniambia halitoshi, na nilisikia."

"Nilisema mara moja tu, mama. Ilinipasa kurudia."

"Siku nyingine rudia. Hata mara tatu."

Tukatafuta neno la herufi nne. Shoga alitoa mawili ambayo hayaandikiki. Mkwe mwenyewe ndiye aliyesema Kazi. Likaingia, likatosha, na programu ikafunguka kama vile haijawahi kutusumbua.

Wifi hakungoja mtu amvutie kiti. Akabonyeza Kazi, akabonyeza Kuza, pua karibu iguse kioo. Jumatano kabla ya alasiri sega lilikuwa limekamilika. Akabonyeza Chapa kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayepiga muhuri. Nikahesabu mzunguko mimi: umekutana.

Alhamisi alikwenda Kitete na ile karatasi ameikunja kwenye pindo la kanga. Bendeji ilipofunguliwa, kabla hajanitazama mimi, akaikunjua. Akaipeleka mbali, akaileta karibu. Kisha akasema kuna tundu moja la sega limekaa vibaya, na lazima alirudie.

Hapo ndipo tunapobishana mpaka leo. Mimi nakumbuka alisema tundu la tatu kutoka juu, jicho la kushoto ndilo lililofunguliwa kwanza, na muuguzi alicheka. Yeye anasema ni la nne, jicho la kulia, na hakuna aliyecheka. Kama ulikuwa wodini asubuhi ile na unakumbuka vingine, pita Ng'ambo unisahihishe. Nitakubali, hata kama wifi yupo anasikia.