Ng'ombe wa Ukutani

Nyuma ya nyumba yangu, njia ya kwenda Kipalapala, kuna ukuta wa mawe uliobeba tangi la maji. Koki inavuja miaka yote, na jua halifiki pale. Mvua zikianza, mawe yanaota ule ukijani laini kama manyoya ya kifaranga. Wengine wanauita uchafu. Mimi niliutazama nikaona ng'ombe.

Mwaka juzi niliubandua kwa kisu, nikauponda na maziwa ya mgando mpaka ukawa uji, nikachora ukutani kwa brashi ya chokaa: nundu, pembe, mkia. Ni yule ng'ombe niliyemwacha kijijini kwetu Lusu nilipoolewa. Jina lake nalikumbuka, kama ninavyokumbuka ya watu wote, ila hapa siandiki la yeyote.

Mtani wangu, mama wa Kiha wa nyumba ya pili, alicheka akashika kiuno.

"Wanyamwezi mmeishiwa mifugo mpaka mnafuga ukuta! Huyo utamkamua nini, umande?"

"Pasaka utamkuta amesimama, ana manyoya."

"Akisimama, nakuletea jogoo wangu mwekundu. Asiposimama, utaniamkia shikamoo mbele ya jumuiya nzima."

Mimi, niliyeolewa yeye akinyonya! Nikakubali.

Ng'ombe akaota vizuri. Kwaresima ilipoanza, mwanangu wa mwisho akamleta mke wake, binti wa Kaliua, aliyefundwa haswa. Asubuhi ya kwanza aliamka kabla yetu sote, akafagia uwanja, akasugua masufuria, kisha akaona ukuta wa mama mkwe umechafuka. Nilipotoka alikuwa amepiga magoti, stilwaya mkononi, mawe yanang'aa.

"Shikamoo, mama. Nimeumaliza ule uchafu."

"Marahaba," nikasema, nikakaa chini palepale.

Nilipomweleza habari za ng'ombe, alilia sana. Nikamwuliza alichobandua amekitupa wapi. Nusu kipo kwenye ndoo, nusu amekimwaga chini ya ukuta.

"Basi hujaua, mwanangu. Hiyo ni mbegu."

Tukaongeza maziwa. Nikampa brashi, nami nikaelekeza kwa fimbo. Kila asubuhi alinyunyizia maji kabla hajagusa ufagio.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, jumuiya yote ikaja. Ng'ombe alikuwa amesimama, mnene kuliko wa kwanza. Na pale chini mkwe wangu alipomwaga ile nusu, mawe yalikuwa yameota kijani kingine, naye alikuwa amekipunguza kwa kisu, akatoa ndama ananyonya.

Mtani aligusa nundu, akanusa kidole.

"Kumbe amezaa," akasema polepole.

"Amezaa. Kalete jogoo. Na shikamoo yangu iko wapi?"

Tangu tujuane hajawahi kuniamkia, utani unamruhusu. Siku ile alipiga goti kabisa.

"Shikamoo, mwenye zizi!"

"Marahaba!" nikaitikia mpaka wapita njia wakageuka.

Jogoo alikuwa mgumu, tulimchemsha mpaka mkaa ukaisha. Firigisi, ambayo kwetu huliwa na mwanamume, nikaiweka kwenye sahani ya mkwe wangu. Mwanangu akaitazama, akaendelea na paja lake.