Mkono wa Mke wa Angwenyi

Baba yangu, mzee Manasseh, alipostaafu uuguzi mwaka 1994 alirudi nyumbani Kebirigo na mashine yake mwenyewe ya kupima presha. Tangu hapo kijiji kizima kikawa kinamnyoshea mkono. Wauza ndizi walipimwa, mchungaji alipimwa, hata Ongeri mlevi alipimwa akaambiwa presha yake ni ya msichana. Mtu mmoja tu hakupimwa, naye aliishi boma hilo hilo: Bochaberi, mke wa kaka yangu Angwenyi.

Kwetu kuna chinsoni. Mzee hamgusi mke wa mwanawe, haingii nyumbani mwake, hata kusalimiana kwa mkono hakuna. Ni heshima nzuri, sina ugomvi nayo siku ambazo kila mtu ni mzima.

Bochaberi nilimpenda sana. Alikuwa mwepesi wa mikono na wa ulimi. Kikapu chake cha chai kilijaa sisi wengine tukiwa bado tunapiga miayo. Kisha akashika mimba ya mwanawe Onsongo. Uso ukavimba, kichwa kikamuuma hadi macho yakawa hayaoni sawasawa, akafikishwa hospitalini ameshikwa na kifafa cha mimba. Mtoto akatolewa kwa upasuaji, wote wawili wakapona. Baba akatutangazia, "Mtoto akitoka, ugonjwa umetoka." Ndivyo walivyofundishwa enzi zake. Tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Onsongo alipoanza kukimbia, mama yake akaanza kusimama. Alisimama katikati ya shamba la chai, mkono kifuani, akihema kama mtu anayefukuzwa. Usiku alilala ameegemea ukuta. Mama yangu akanong'ona kwamba mke wa mwanawe amekuwa mvivu. Nilimjibu vibaya, na sitarudia hapa nilichosema.

"Twende hospitali," nilimsihi Bochaberi.

"Nikapimwe huko na mashine iko hapa, wifi? Watu watasema tata, baba yetu, hajui kazi yake."

Hofu ikaninyima raha. Kila alipokohoa nilitoka nje kumtazama. Siku aliyoketi chini njiani na mtungi wake wa maji, akashindwa kuinuka, nilikwenda kwa baba nikaichukua ile mashine bila kuomba. Nikamwambia asimame nje ya dirisha la Bochaberi anielekeze. Hakubisha. Nadhani hata yeye alikuwa akimsikia akihema.

"Funga kitambaa juu ya kiwiko," akasema kutoka nje. "Piga pampu mpaka zebaki ipite mia mbili. Sasa legeza polepole. Ukisikia mdundo wa kwanza, niambie."

"Mia na themanini."

"Na mdundo ukipotea?"

"Mia na kumi na tano."

"Umekosea. Rudia."

Nikarudia. Yakawa yale yale.

"Umekosea tena. Huyu alishajifungua zamani, presha ya mimba ingetoka wapi?"

"Basi njoo upime mwenyewe!" Nilivua stetoskopu nikaitupa kitandani. "Au unangoja awe maiti ndipo umguse?"

Baba yangu haambiwi hivyo na mtu yeyote, sembuse binti yake. Nikasikia hatua zikizunguka nyumba, nikajua anaondoka kwa hasira. Kumbe alikuwa anaelekea mlangoni. Akasimama kizingitini, kofia mkononi, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

Bochaberi akauficha mkono chini ya leso. "Tata, hapana. Ni aibu."

"Wazee wakiniuliza habari ya chinsoni, nitawajibu," baba akasema. "Nikikuzika, Onsongo akaniuliza, nitamjibu nini?"

Bochaberi akageuza uso ukutani, akamnyoshea mkono.